Mazoezi ya Nguvu kwa Vijana wa Judo: Yapangwe, Yasiwe Adhabu

Assalaamu alaykum.

Makocha wenzangu wa Unguja na Pemba, walimu wa michezo wa skuli, wazazi wetu, na nyinyi vijana mliokaa pale mbele na majudogi yenu, nguo zenu za judo: ahsanteni kwa kuja, na poleni kwa joto la ukumbi huu.

Naanza na jambo tunalolijua sote. Mazoezi yameanza baada ya alasiri, yamekwenda saa moja na nusu, randori, yale mapambano ya mazoezi, imekwisha, vijana wanahema. Hapo kocha anasema: pushapu mia kila mtu, na aliyechelewa kuja anaongezewa hamsini. Kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba leo tumefanya mazoezi ya nguvu.

Hatukufanya. Nguvu hukua pale misuli na neva zinapokuwa bado na uhai wa kusukuma mzigo mzito kwa umbo sahihi, halafu zikapewa chakula na muda wa kujijenga. Mtoto aliyechoka akipiga pushapu mia, ukimtazama kuanzia ya thelathini utaona kiuno kimelegea, kichwa kimeanguka, mabega yamepanda masikioni. Mwili haujui kwamba ile ni adhabu. Unajifunza umbo lile lile baya na kulirudia kesho kwenye tatami, mkeka wa judo. Tena mtoto anajifunza jambo jengine: kwamba nguvu ni malipo ya kuchelewa. Akifika miaka 16, umri ambao mazoezi haya yangemfaa kuliko wakati wowote, tunaanza kumbembeleza ayapende.

Ombi langu leo ni moja. Mazoezi ya nguvu yapewe siku zake, mzigo wake na daftari lake, kama tunavyozipa mbinu.

Nianze na sababu, kwa kuwa wapo walimu wanaosema judo ni ulaini na nguvu haina nafasi humo. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu, na malezi ya mwili aliyahesabu miongoni mwa malengo ya judo. Msingi aliotuachia ni kutumia nguvu kwa njia iliyo bora kabisa. Asiyekuwa nayo atatumia nini?

Litazameni pambano lenyewe. Saa inahesabu dakika 4 na inasimama kila refa anaposema "mate", neno la Kijapani la kuwasimamisha. Kazi yenyewe huja kwa vipande: sekunde 20 hadi 30 za kugombea mshiko, kusukumana na kushambulia, kisha kama sekunde 10 za kurudi katikati na kufunga judogi. Wakitoka sare, wanaendelea hadi mmoja apate pointi au adhabu iamue. Ukimbana mtu chini, sekunde 20 ndiyo ippon, yaani ushindi kamili, na 10 ni waza-ari, pointi iliyo chini yake. Siku ya mashindano kijana anaweza kupigana mara nne au tano, na kanuni inampa angalau dakika 10 kati ya pambano na pambano.

Sasa mwangalieni kijana wenu katika dakika ya tatu. Anaingia seoi-nage, mbinu ya kumbeba mpinzani mgongoni na kumrusha. Dakika ya kwanza magoti yalikunja, nyonga ikashuka chini ya mkanda wa mpinzani. Sasa magoti yamegoma, anapinda kiuno badala yake, mpinzani analala juu ya mgongo wake na mbinu inafia hapo. Kocha anapiga kelele, "Ingia chini!" Kijana anajua kwamba aingie chini, mbinu anayo. Miguu ndiyo haina cha kumpa. Hapo hata uchikomi elfu moja, yaani kurudia kuingia mbinu bila kurusha, haziongezi kitu, kwa sababu tatizo haliko kwenye mbinu.

Faida ya pili wazazi wataipenda zaidi, nayo ni kuumia kidogo. Maungio yanayolalamika sana kwa wana judo ni goti, bega na vidole. Goti huumia pale mguu umekita chini huku mwili unazunguka, au mtu anapoangukia mguu wa mwenzake kwa ubavu. Misuli ya nyuma ya paja na ya makalio ikiwa na nguvu, na kijana akiwa amefundishwa kutua, goti haliingii ndani kirahisi. Jambo hili ni zito zaidi kwa wasichana. Baada ya kubaleghe goti la msichana huelekea kuanguka ndani anapotua, na kano zake huumia kwa wingi kuliko za mvulana. Kwa hiyo ile desturi ya kuwaambia wasichana wakae pembeni wakati wavulana wanabeba uzito inawanyima kinga wale wanaoihitaji mno. Watafutiwe mkufunzi wa kike na saa yao ya faragha kama ndivyo wanavyostahi, lakini programu iwe ile ile.

Wazazi huuliza: mtoto akinyanyua uzito si atakuwa mfupi? Karibu na ncha za mifupa ya mtoto pana gegedu la ukuaji, na ni kweli kwamba gegedu lile linaweza kuumia. Linaumia kwa kuanguka, kwa kuangukiwa na chuma, kwa mtoto kujaribu mzigo mkubwa kabisa bila mtu wa kumsimamia. Mazoezi yaliyopimwa, chini ya jicho la mtu anayejua, hayajaonekana kumpunguzia mtoto urefu. Mfikirieni mtoto anaporushwa na kutua kwenye tatami: kishindo kile kinaipitisha kwenye mifupa nguvu kubwa kuliko mfuko wa mchanga wa kilo 10 uliokumbatiwa taratibu.

Ila umri una haki yake. Mtoto wa miaka 8 hadi 11 hatajenga misuli mikubwa hata mkimpa nini. Nguvu anayoipata inatokana na neva kujifunza kuiita misuli kwa wakati na kwa mpangilio. Basi apewe michezo: kutembea kwa mikono na miguu kama kaa, kumvuta mwenzake kwa mkanda, kupanda kamba, kuruka na kutua kimya, kubingirika pande zote mbili. Dakika 15 mara mbili au tatu kwa wiki zinamtosha.

Kuanzia kama miaka 12 hadi 15 ndipo pa kuwa macho. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, na wapo wanaotangulia au kuchelewa miaka miwili. Katika kipindi hiki mifupa hutangulia, misuli inafuata nyuma, na kijana aliyekuwa mwepesi ghafla anaonekana kama ameazimwa miguu. Mbinu zake zinaharibika, na kocha asiyejua anamwita mvivu. Chukueni alama ya urefu ukutani kila mwanzo wa mwezi. Akiongezeka zaidi ya nusu sentimita kwa mwezi, miezi miwili mitatu mfululizo, punguzeni kuruka na punguzeni idadi ya kurushwa, mshikilieni kwenye umbo zuri kwa mizigo myepesi. Akilalamikia maumivu pale kwenye kifundo cha mfupa chini ya kikombe cha goti, asiambiwe avumilie. Pale kano ya paja inavuta mfupa ambao haujakomaa. Aache kuruka na kupiga goti chini, aendelee na mazoezi ya nyonga na ya sehemu ya juu ya mwili, na maumivu yakidumu aonwe na daktari.

Akishafika miaka 16 au 17, akiwa na mwaka mmoja au miwili ya umbo safi nyuma yake, huyo sasa anaweza kubeba vizito kweli kweli.

Nakuja kwenye kikao chenyewe. Siku 2 kwa wiki zinatosha, zisifuatane, ziachane saa 48. Kama judo yenu ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nguvu iwe Jumanne na Jumamosi. Kama ukumbi mnapewa siku tatu tu, basi fanyeni nguvu kabla ya judo, kwa dakika 30, siku ambayo judo itakuwa ya mbinu na si ya randori kali. Kikao kamili ni dakika 45 hadi 50, na mpangilio wake si wa kubahatisha.

Dakika 10 za kwanza ni kupasha mwili: kutembea kwa kuchuchumaa, kuzungusha nyonga na mabega, ukemi chache, yaani kuanguka kwa usalama. Kisha vinakuja vitu vya kasi, maana kasi haitaki uchovu. Kuruka juu na kutua: seti 3 za mara 5. Kutua kuwe kwa miguu miwili, magoti yakielekea vidoleni, na masikio yenu yawe mahakimu, kwani anayetua kwa kishindo hajajua kutua. Wakiweza, waruke kutoka kwenye kisanduku cha sentimita 20 au 30, wasizidi hapo. Halafu kurusha mpira mzito: mpira wa kikapu wa zamani uliojazwa mchanga na kushonwa, kilo 2 hadi 3, unarushwa ukutani kwa kuzungusha nyonga, mara 5 kila upande. Kila upande, nasisitiza. Anayerusha kwa kulia hupiga uchikomi zote kulia mwaka mzima, na mwili wake unapinda kama mnazi wa pwani. Kikao cha nguvu ndipo mahali pa kumlipa deni upande wa kushoto.

Baada ya kasi, nguvu yenyewe. Kuna miendo mitano, na kijana akiwa nayo yote mengine ni mapambo.

Wa kwanza ni kuchuchumaa. Kabla hajapewa mzigo, achuchumae mara 12 akiwa ameshika ufito wa fagio juu ya kichwa, visigino vimekaa chini, kifua wazi, magoti yakifuata vidole. Kisigino kikinyanyuka, mara nyingi kifundo cha mguu ni kigumu: muwekeeni ubao mwembamba chini ya visigino kwa wiki chache huku akinyoosha vifundo kila siku. Goti likianguka ndani, mfungeni tyubu ya baiskeli juu kidogo ya magoti na mwambieni aisukume nje. Akishafaulu, akumbatie mfuko wa mchanga kifuani, hapo pana judo hasa, kwani uzito uko mbele kama mpinzani.

Wa pili ni kuinama kwa nyonga na kunyanyua kitu kutoka chini. Makalio yanakwenda nyuma, mgongo umenyooka, mzigo unapita karibu na mapaja. Kosa kubwa ni mgongo kupinda kama upinde, na huanza kabla mzigo haujaondoka sakafuni, kwa sababu mtoto anaufuata mzigo kwa mikono. Wekeni mzigo juu ya tofali mbili ili aufikie bila kupinda, kisha punguzeni tofali moja moja wiki zikienda.

Wa tatu ni kuvuta. Hapa ndipo desturi ya pushapu inapotuumiza. Judo yote ni kushika, kuvuta na kuinamia mbele, na sisi tunaongeza pushapu mamia bila kumvutisha mtoto hata mara moja kwa utaratibu. Misuli ya kifua inafupika, mabega yanazama mbele, na baada ya mwaka bega linauma kila akinyanyua mkono. Kwa kila pushapu moja wapeni mivuto miwili. Asiyeweza kujivuta juu kwenye mwamba, yaani bomba au boriti ya kuning'inia, alale chali chini ya bomba lililo usawa wa kiuno, avute kifua kifike kwenye bomba, mwili ukiwa mnyoofu kama boriti.

Wa nne ni kusukuma, na pushapu ina nafasi yake hapa: seti 3 za mara 8 hadi 12, taratibu, kifua kifike karibu na sakafu. Anayezipata kwa urahisi anyanyue miguu kwenye benchi, au avae begi la vitabu. Asiongezewe idadi hadi mia.

Wa tano ni mguu mmoja mmoja, hatua ndefu mbele na nyuma, kwa sababu katika mbinu za kurusha kama uchi-mata na o-soto-gari mtu husimama kwa mguu mmoja. Ongezeni na lile zoezi la kupiga magoti, mwenzake akamshika vifundo, naye akajishusha mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, misuli ya nyuma ya paja ikizuia. Wiki ya kwanza mara 3 tu, seti 2. Mkianza na 10 kesho yake hawatashuka ngazi.

Kuhusu hesabu. Anayeanza: seti 1 hadi 2 za mara 10 hadi 15, mzigo mwepesi, wiki 4 hadi 6. Kisha seti 3 za mara 8 hadi 10. Aliyekomaa, wa miaka 16 na zaidi: seti 3 hadi 5 za mara 4 hadi 6, akipumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Siku zote aache akiba ya mara 2, yaani ashushe mzigo akiwa bado angeweza kuunyanyua mara 2 nyengine kwa umbo zuri. Na umbo likiharibika seti imekwisha, hata kama hesabu haijatimia. Akimaliza hesabu yote vikao viwili mfululizo, ongezeni mzigo kwa asilimia 5 hadi 10. Kwa mfuko wa kilo 20 hiyo ni kilo 1 au 2. Pole pole hiyo ikienda mwaka mzima inafika mbali kuliko ile ya kuongeza kilo 10 siku wageni wakija kutazama.

Mwisho wa kikao ni mshiko na shingo. Mshiko tunauweka mwisho kwa sababu vidole vikichoka mapema mzigo unaponyoka na kumwangukia mtoto miguuni. Chukueni koti la judogi kuukuu, litupeni juu ya mwamba, kijana ashike kola au mikono yake na kuning'inia sekunde 10 hadi 20, mara 4. Siku nyengine ashike madumu mawili atembee mita 20. Msifanye mshiko mzito siku moja kabla ya randori kali, mkono wa mbele utakuwa mti.

Shingo ndiyo tunayoisahau, nayo ndiyo inayokizuia kichwa kisipige tatami. Kiganja kwenye paji la uso, kichwa kinasukuma na kiganja kinakataa, shingo haisogei: sekunde 6 hadi 10, mbele, nyuma na pande zote mbili, mara 3. Lile daraja la kusimama kwa utosi, mwili mzima ukibebwa na shingo, nawaomba mliache kwa watoto. Pingili za shingo zao bado zinakua. Na mtoto aliyepiga kichwa akaona kizunguzungu, akatapika au akasahau yaliyotokea, mazoezi yake yamekwisha siku hiyo na anakwenda hospitali, hata akisema yuko sawa.

Vifaa visitutie unyonge. Dumu la lita 5 likijaa maji lina kilo 5, likijaa mchanga mkavu linafika kama kilo 8. Dumu la lita 20 lenye maji ni kilo 20. Mfuko wa mchanga tengenezeni hivi: mchanga mkavu kilo 15 hadi 20 ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, huo uingie ndani ya gunia la mchele la kilo 50, kisha lishonwe. Nafasi iliyobaki ndani ndiyo faida, maana mchanga unahama na kumyumbisha kijana kama mpinzani anavyomyumbisha. Mchanga wenye maji ya bahari msiutie, utaozesha gunia na uzito hautajulikana. Mwamba uwe bomba la chuma la inchi moja na nusu au boriti nzima isiyotobolewa na wadudu, na aanze kuning'inia mtu mzima kabla ya mtoto. Tyubu za baiskeli zilizofungwa kwenye nguzo ni nzuri kwa uchikomi, ila zina tabia yake: zinavuta zaidi kadiri unavyokwenda mbali, kwa hiyo mwisho wa mbinu unakuwa mzito na wa polepole, kinyume cha kurusha kwenyewe. Zitumieni kwa mwanzo wa kuingia tu. Na kabla ya kila kikao pitisheni vidole kwenye mpira wote. Wenye ufa utakatika, nao hukatika kuelekea usoni.

Sasa pumzi. Kukimbia ufukweni asubuhi kwa mwendo wa kuweza kuzungumza, dakika 25 hadi 30, mara moja au mbili kwa wiki, kunajenga moyo na kunamsaidia kijana kurudisha pumzi kati ya pambano na pambano. Lakini asiyekuwa na zaidi ya hilo atakuwa mkimbiaji aliyevaa judogi. Pambano ni vipande vya sekunde 20 na 30, basi na mazoezi yawe vipande. Watoto wa chini ya miaka 14: uchikomi za kasi sekunde 10, pumziko sekunde 20, mara 6. Wakubwa: sekunde 20 kwa 10, mara 8, ambayo ni dakika 4 kamili, seti 2, na katikati dakika 5 za kupumzika. Sharti ni kwamba uchikomi ya mwisho ifanane na ya kwanza. Nyonga ikiacha kushuka, simamisheni, kwani kuanzia hapo mnafundisha kosa kwa bidii. Mara moja kwa wiki ni tosha, mara mbili yakikaribia mashindano.

Na hapa kwetu joto ni sehemu ya mazoezi, tupende tusipende, hasa miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, ndani ya ukumbi usiopitisha upepo na mtoto amevaa judogi nzito. Mpimeni kabla na baada ya mazoezi, amejifuta jasho. Kila kilo 1 iliyopungua ni kama lita 1 ya maji, na anatakiwa anywe kama lita 1 na nusu taratibu hadi usiku. Mtoto wa kilo 50 asipoteze zaidi ya kilo 1 katika kikao kimoja. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kuyumba, au ngozi ikawaka moto, mvueni koti, mwagieni maji mwili mzima na mpepeeni papo hapo, huku mtu akitafuta gari la hospitali.

Ramadhani msiache mazoezi ya nguvu mwezi mzima, kwani wiki nne za kukaa bure zinarudisha nyuma kazi ya miezi. Fanyeni kikao 1 au 2 kwa wiki baada ya tarawehe, punguzeni seti ziwe nusu lakini mzigo ubaki ule ule. Kabla ya futari, saa moja ya mwisho, iwe mbinu nyepesi bila randori. Maji yagawanywe kutoka futari hadi daku, si jagi zima kwa mkupuo.

Chakula nakipitia haraka, maana mama zetu wanakijua. Kijana anayefanya kazi hii anahitaji kama gramu 1.4 hadi 1.8 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, yaani gramu 70 hadi 90 kwa wa kilo 50. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina zaidi ya 20, yai moja 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, glasi ya maziwa 8. Dagaa, mbaazi na choroko zinafikisha bila kununua unga wowote wa kopo. Zaidi ya chakula ni usingizi: saa 8 hadi 10 kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Anayeamka alfajiri kwa sala na chuo, kisha skuli, kisha judo, hawezi kwenda kulala saa sita ya usiku na simu mkononi akatarajia kukua.

Lililobaki linanikera, na nitalisema wazi. Nalo ni kuwakausha watoto maji ili waingie uzito wa chini. Kukimbia juani na mfuko wa nailoni chini ya nguo, kutema mate kwenye chupa, kukaa na njaa siku mbili. Mwaka 1997 nchini Marekani wanamieleka watatu wa vyuo walifariki ndani ya wiki chache kwa sababu ya kujikausha hivyo, nao walikuwa vijana wakubwa wenye afya. Mtoto anayekua apigane katika uzito alionao. Akiwa na kilo 57 mwezi mmoja kabla ya mashindano, asisajiliwe kilo 55 kwa sababu tu pale kuna medali rahisi. Mwezi ule ule atakuwa amerefuka. Tanzania ilikuwa na mwana judo kwenye Olimpiki ya Paris 2024, Andrew Thomas Mlugu, uzito wa kilo 73. Mtoto wa miaka 13 mwenye ndoto hiyo ana miaka kumi mbele yake ya kuujenga mwili, na hakuna medali ya kisiwani inayofaa kumharibia miaka hiyo.

Mashindano yakikaribia, siku 7 hadi 10 za mwisho punguzeni seti ziwe nusu, kasi na mzigo vibaki, na kikao cha mwisho cha vizito kiwe siku 4 au 5 kabla. Wenzetu wa Pemba wanaovuka kwa boti kutoka Mkoani, wavuke angalau siku moja kabla ya kupima uzito. Mtoto aliyetapika njia nzima ameshapoteza maji na chumvi, na kumpandisha kwenye tatami jioni ile ile ni kumpeleka kupigwa.

Mtajuaje kama yote haya yanafanya kazi? Kuna jaribio la Mpolandi Stanisław Sterkowicz, la mwaka 1995, halihitaji chochote ila saa na tatami. Kijana anayepimwa anasimama katikati, na wenzake wawili wa uzito na kimo kinachokaribiana na chake wanasimama pande mbili, wakiachana mita 6. Akiambiwa hajime, yaani anza, anamkimbilia mmoja, anamrusha kwa ippon-seoi-nage, anamkimbilia wa pili, anamrusha, na hivyo hivyo kwa sekunde 15. Sekunde 10 anapumzika. Sekunde 30 tena, 10 za kupumzika, na 30 za mwisho. Mnajumlisha mirusho yote. Mnapima mapigo ya moyo papo hapo, na tena baada ya dakika 1. Jumlisheni mapigo ya mara zote mbili, gawanyeni kwa idadi ya mirusho. Aliyerusha 24, mapigo 182 kisha 158, anapata 340 kugawanya kwa 24, yaani 14.17. Namba ikishuka baada ya miezi mitatu, amepata pumzi, au nguvu, au vyote viwili. Mlinganisheni na nafsi yake, msimbandikie ya mwenzake ukutani. Wale ambao bado hawajatimia miaka 13 waacheni kwanza.

Madaftari tumeyaweka pale mlangoni, kila klabu lake, yana safu ya tarehe, urefu, uzito, zoezi, mzigo na hesabu. Sasa naomba vijana watatu wa uzito unaokaribiana waje mbele, wapashe mwili kwanza, na mwalimu mmoja mwenye saa yenye mshale wa sekunde akae hapa pembeni yangu ahesabu mapigo.